Mama, mlaze mwanao chali hata kama anashtuka

Na Mwandishi Wetu, Mugina

WIKI tatu zilizopita nilitukanwa sokoni, hapa karibu na mpaka wa Mugina, na sikuwa na la kujitetea.

Ilikuwa asubuhi, jua halijapanda sana. Magari madogo ya Probox yalikuwa yakishusha abiria na mizigo kutoka upande wa Manyovu, Tanzania. Mama mmoja alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya dagaa akihesabu faranga. Pembeni yake kulikuwa na boksi la sabuni, na ndani ya boksi hilo mtoto wa miezi miwili au mitatu. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne, uso umezama ndani ya nguo.

Sikusalimia. Sikuuliza. Niliinama, nikamshika mtoto wa watu, nikamgeuza chali.

Mtoto alishtuka, akatupa mikono hewani kama mtu anayeanguka kutoka juu ya mti, kisha akaangua kilio.

"We mama, nani amekutuma umguse mwanangu?" Mwenye dagaa alisimama. Wenzake wakageuka wote. Mmoja akauliza kama natoka kwenye shirika. Mwingine akasema hawa wa mjini ndivyo walivyo, wanashika mtoto kabla ya kushika mkono wa mama yake. Alikuwa na haki. Niliomba radhi, nikanunua mafungu mawili ya dagaa ambayo sikuyahitaji, nikaondoka.

Nimerudi kwake mara moja tangu siku ile, lakini sokoni hakuna nafasi ya maneno mengi. Kwa hiyo naandika hapa, kwa ajili yake na kwa akina mama wengine wanaovuka mpaka huu na watoto mgongoni, ili wajue kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alifanya utovu wa adabu kiasi kile.

Mimi ni mtoto wa kambini. Nililelewa Mtabila, wilayani Kasulu, na nilirudi nyumbani mwaka 2012 kambi ilipokuwa inafungwa. Waliokuwa kwenye malori yale hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka uliofuata, 2013, nilijifungua mtoto wangu wa kwanza kabla ya siku zake. Alikuwa njiti, hajafika hata kilo moja na nusu.

Katika chumba cha njiti wauguzi walimlaza kifudifudi. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba akilala hivyo anapumua vizuri. Jibu lile lilikuwa la kweli. Nilichokosa ni nusu yake ya pili, kwa sababu hakuna aliyenipa siku tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, wala mimi sikujua kama kulikuwa na nusu nyingine ya kuulizia.

Basi nilifika nyumbani nikaendelea vile vile. Kila usiku kifudifudi. Binti yangu alinenepa, akakaa, akatembea, na leo anasoma. Mimi nikawa bingwa wa ukoo. Anayejifungua anauliza, nami najibu.

Mwaka 2015 mdogo wangu alijifungua mtoto wa kiume, mzima, kilo tatu na zaidi. Mdogo wangu alikuwa mfanyabiashara wa mchele na vitenge, leo yuko Manyovu, kesho Makamba. Baada ya wiki chache alinipigia simu akilalamika kwamba mtoto halali. Kila akimlaza chali anashtuka, anatupa mikono, anaamka. Mama mkwe wake alikuwa ameanza kusema kwamba mtoto anaona kitu.

"Dada, nifanyeje?"

Nikamwambia amlaze tumbo. Nikaongeza, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba ndivyo walivyofanya hospitalini.

Siku tatu baadaye alinipigia tena, safari hii kunishukuru. Mtoto analala kama gogo. Mama mkwe amefurahi. Majirani wanamsifu kwamba ni mtoto mtulivu, hasumbui, ana usingizi mzito.

Alikuwa na miezi mitatu alipokufa. Mdogo wangu alikuwa amerudi usiku kutoka safarini, akamnyonyesha, akamlaza. Alfajiri alimkuta kama alivyomwacha, uso chini, amekuwa baridi. Hakuwa na homa jana yake. Hakuwa na kikohozi. Alikuwa amenyonya vizuri.

Ninyi mnaosoma mnajua yaliyofuata, maana yanafuata kila mahali penye msiba wa namna hiyo. Wengine walisema jicho baya. Wengine waliangalia upande wa mama mkwe. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema yule mama alikuwa amechoka mno na amemlalia mtoto wake. Hilo ndilo lililomuua mdogo wangu akiwa hai. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto alikuwa amelazwaje. Niliyejua jibu nilikuwa mimi, na nilinyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu na mimi sikujua kwamba swali hilo lina maana. Nilikuja kujua mwaka 2019. Nilikuwa nimekwenda katika kituo kimoja cha afya kuandika habari za chanjo. Baada ya kupima watoto uzito, muuguzi mmoja wa makamo aliwakusanya akina mama kwenye benchi na kuwafundisha mambo mengi, na mwisho akawauliza: mtoto analala vipi? Wengi walijibu ubavu, wachache tumbo. Akasema: chali. Mchana chali, usiku chali, kwa mama chali, kwa bibi chali.

Kalamu ilinianguka. Si maneno ya kupamba habari, ilianguka kweli, ikaingia chini ya benchi.

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilitarajia kukuta kosa letu sisi, watu wa vijijini na kambini, tusio na vitabu. Nilikuta kosa la watu wenye vitabu.

Katika miaka ya 1950 Dakta Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1946 na kuuzwa kwa mamilioni, alianza kuwashauri wazazi walaze watoto kifudifudi. Hoja yake ilikuwa ile ile ya bibi zetu: akilala chali akacheua, atapaliwa. Hoja ilisikika ya busara. Madaktari wengi wa Ulaya, Australia na New Zealand wakafuata njia hiyo, na kwa miaka mingi mamilioni ya watoto wakalazwa tumbo kwa ushauri wa daktari.

Watoto wakaanza kukutwa wamekufa vitandani bila ugonjwa wowote unaojulikana. Hong Kong, ambako desturi ilikuwa kumlaza mtoto chali, vifo hivyo vilikuwa nadra mno, na mwaka 1985 daktari mmoja aliandika kuhusu jambo hilo katika jarida la tiba la Uingereza. Huko Uholanzi walianza kuwaambia wazazi waache kulaza watoto kifudifudi mwaka 1987. New Zealand, iliyokuwa na vifo vingi kupita kiasi, ilifanya uchunguzi mkubwa kuanzia mwaka huo huo. Katika mji wa Bristol, Uingereza, Dakta Peter Fleming na wenzake walikuta jambo lile lile: watoto waliokufa, wengi wao walikuwa wamelazwa tumbo.

Julai 1991 mtangazaji maarufu wa televisheni wa Uingereza, Anne Diamond, alifiwa na mwanawe Sebastian, mwenye miezi minne. Alikwenda New Zealand kuona walichogundua, akarudi kwao akapiga kelele mpaka serikali ikaanza kampeni ya kitaifa mwishoni mwa mwaka huo. Ujumbe ulikuwa mfupi: mrudishe mtoto alale chali. Tangu hapo vifo hivyo nchini Uingereza vimepungua kwa zaidi ya robo tatu. Marekani ilianza kampeni yake mwaka 1994, navyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine. Mtoto aligeuzwa tu.

Kinachouma ni hiki. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Ruth Gilbert wa London walikusanya tafiti zote za zamani wakazipanga kwa miaka. Walikuta kwamba ushahidi wa kutosha ulikuwepo tangu mwaka 1970, ila hakuna aliyekuwa ameuweka pamoja. Walikadiria kwamba kama ungefuatwa wakati ule, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza, na wasiopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, wasingekufa.

Nilisoma takwimu hiyo mara kadhaa usiku mmoja, taa ikiwa imepungua mafuta. Sikupata faraja. Lakini nilielewa kwamba mtu anaweza kutoa ushauri mbaya kwa moyo mweupe, akiwa na koti jeupe au hana.

Sasa nije kwenye kupaliwa, maana hili ndilo linalowatia hofu akina mama kuliko yote, na yule mama wa dagaa ndilo alilonitupia kwanza.

Shingoni mna mabomba mawili. La hewa liko mbele, la chakula liko nyuma yake. Mtoto akilala chali, bomba la hewa linakuwa juu na la chakula linakuwa chini. Akicheua, maziwa yanatoka kwenye bomba la chini, na ili yaingie kwenye la hewa yanapaswa kupanda kilima. Mtoto mzima atakohoa au atameza, yatakwisha. Akilala kifudifudi mambo yanageuka. Bomba la chakula ndilo linakuwa juu, na alichocheua kinaweza kuteremka chenyewe mpaka mlangoni pa njia ya hewa. Jaribu kuchora kwenye mchanga utaona. Nchi zilipogeuza watoto wao chali, vifo vya kupaliwa havikuongezeka.

Na kule kushtuka? Kila mtoto mchanga anayo hali hiyo, anatupa mikono kama anaanguka, hata bila sababu ya maana. Haoni mzimu. Ni mwili wake unavyofanya kazi, na hupungua anapofika kama miezi minne hivi. Ni kweli kwamba akilala tumbo hashtuki sana na analala usingizi mzito zaidi. Bibi hasemi uongo. Lakini usingizi ule mzito tunaousifu ndio hatari yenyewe.

Mtoto aliyelala kifudifudi ni mgumu kuamka. Pua yake iko karibu na godoro au kitenge, na anaweza kuvuta tena hewa ile ile aliyoitoa, ambayo imekwisha kuchakaa. Joto la mwili wake pia linashindwa kutoka vizuri. Mtu mzima akikosa hewa usingizini hushtuka, hugeuza shingo. Mtoto wa miezi miwili, mitatu, minne bado hajakomaa katika hilo, na akiwa ndani ya usingizi mzito anaweza asishtuke kabisa. Miezi hiyo ndiyo vifo hivi hutokea kwa wingi, na karibu vyote hutokea kabla ya miezi sita.

Kumlaza ubavu wengi wanaona ndiyo suluhu ya katikati. Mimi pia niliona hivyo kwa muda. Lakini mtoto wa ubavu ni kama mzigo uliosimamishwa kwenye mteremko, kidogo tu unaangukia mbele. Madaktari wa watoto wa Marekani walikubali ubavu mwaka 1992, kisha mwaka 2005 wakaukataa. Siku mtoto atakapoanza kujipindua mwenyewe huku na huku, hapo wewe mlaze chali, akijigeuza usingizini mwache. Huna haja ya kukesha ukimrudisha.

Kichwa kuwa bapa nyuma ni kweli hutokea, na wala si ugonjwa. Leo mwelekeze upande huu, kesho ule. Akiwa macho na wewe uko mbele yake, mlaze tumbo kwenye mkeka acheze, ainue shingo, apate nguvu. Na sisi tunaobeba watoto mgongoni tuna bahati, kichwa hakikai kwenye godoro kutwa.

Nirudi kwa njiti, kwa sababu huko ndiko nilikopotea. Mtoto aliyezaliwa mapema sana mapafu yake ni dhaifu, na akilala kifudifudi anapumua vizuri zaidi. Hospitalini wanaweza kumlaza hivyo kwa sababu usiku na mchana kuna mtu au mashine inayomwangalia. Lakini kabla ya kurudi nyumbani anatakiwa azoeshwe kulala chali, maana njiti ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi kuliko mtoto aliyetimiza miezi tisa. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya jibu niliyoikosa mwaka 2013. Binti yangu aliponea. Kupona kwake kulinifanya nishauri wengine.

Njia ya kangaruu, iliyoanza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na ambayo wengi wetu tumefundishwa, ni jambo tofauti. Pale njiti anakaa wima kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa pembeni unaonekana. Hiyo ni nzuri. Asije mtu akasema gazeti limekataza kangaruu.

Yule mama wa dagaa nilipomrudia aliniuliza swali ambalo vitabu vya Ulaya havilijibu vizuri. "Haya, chali. Lakini nyumbani tuko watano kwenye godoro moja. Nimweke wapi?"

Madaktari wa Marekani, katika maelekezo yao ya mwaka 2022, wanasema mtoto alale chumba kimoja na mama lakini juu ya kitanda chake peke yake, angalau miezi sita ya mwanzo. Kwa mtu mwenye chumba kimoja na godoro moja, nusu ya kwanza ya sheria hiyo ameshaitimiza bila kujua, ya pili inataka ufundi.

Nilimwonyesha boksi lake la sabuni. Finland, nchi tajiri ya kaskazini mwa Ulaya, ilianza mwaka 1938 kuwapa akina mama maskini boksi la karatasi ngumu lenye nguo za mtoto na kigodoro chembamba chini yake, na tangu mwaka 1949 kila mama anaweza kulipata, awe tajiri au maskini. Watoto wengi wa Finland wamelala miezi yao ya kwanza ndani ya boksi hilo. Kwa hiyo mama wa Mugina aliyemweka mwanawe ndani ya boksi hakufanya kosa. Kosa lilikuwa mkao wa mtoto, na kitenge laini kilichokunjwa kikawa kama mto. Boksi liwe safi, gumu, limekaa chini sawasawa mahali pasipopitiwa na watu, ndani kuwe na shuka moja lililovutwa vizuri, basi. Hakuna mto. Hakuna nguo zilizorundikwa. Usiku linakaa karibu na godoro lako, unanyoosha mkono unamgusa.

Kama hata hilo haliwezekani, mkeka ulio sawa chini ni bora kuliko godoro la sponji lililobonyea katikati, kwa kuwa katika bonde lile mtoto huteremkia upande wa mtu mzima. Mtoto akae upande wa mama, si katikati ya kaka zake. Baba aliyekunywa pombe ya ndizi asilale karibu naye, na mama akinywa vile vile. Anayevuta sigara naye pia. Chandarua kichomekwe chini pande zote, kisimwangukie usoni. Na mama anayenyonyesha aendelee, kwa sababu kunyonyesha nako kunapunguza hatari hii.

Baridi ya milima yetu ndiyo inayotufanya tuwafunike watoto hadi kichwani. Mvalishe nguo moja zaidi ya unayovaa wewe, mguse tumboni au shingoni, si viganjani, ujue kama ana joto. Blanketi zito lisifike usoni. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani usiku milango ikiwa imefungwa, hata kwa nusu saa. Gesi ya mkaa haina harufu wala haionekani, nayo haichagui mtoto na mkubwa.

Sasa mbeleko, ambayo Kirundi tunaiita ingobyi. Sitaki mtu aiache, mimi mwenyewe nililelewa humo. Ila mtoto mchanga ambaye shingo haijakaza, kidevu kikimwangukia kifuani njia ya hewa inajikunja kama mpira wa maji uliokunjwa. Shavu lake likae mgongoni mwako, uso ukiwa pembeni na wazi, nguo isipite masikio. Ukiwa kwenye bodaboda au umebanwa ndani ya Probox huwezi kumwona, mwombe aliye nyuma yako akutazamie, na kila mnaposimama umguse. Jua na vumbi visikufanye umfunike kitenge cha pili kichwani, bora mwavuli. Na wale wanaopanga vitenge vipya chini ya mtoto ili visionekane pale kizuizini (simtaji mtu), wajue kwamba vitenge hivyo vinamsukuma mtoto mbele na kumkunja shingo.

Jambo la mwisho ni kwa mama anayemwacha mtoto akavuka asubuhi na kurudi jioni. Mtoto aliyezoea kulala chali, kisha siku moja bibi au msichana wa kazi akamlaza tumbo ili asimsumbue, huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko aliyezoea tumbo siku zote. Watafiti wameliona hili katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo haitoshi wewe kujua. Kabla hujashika mzigo, mwambie anayebaki, kwa heshima yake. Mama mkwe usimwambie kwamba amekosea, mwambie kwamba kliniki wamesema. Mimi nimejaribu njia zote mbili, ya pili inakubalika zaidi.

Kuhusu mtoto wa mdogo wangu, siwezi kusema kwamba najua kilichomuua. Hata katika nchi ambako kila kifo cha namna hiyo hupimwa maabara na polisi huja kuangalia kitanda, vingi vinabaki bila jibu. Wapo watoto waliolazwa chali wakafa, na wapo wengi mno waliolala tumbo wakakua, binti yangu mmoja wao. Ninachojua ni kwamba mama yake hakumlalia, mama mkwe wake hakumroga, na ushauri wa kumgeuza ulitoka kwangu.

Nilimwambia mwaka 2020. Tulikuwa jikoni kwake, anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, kisha akauliza: "Dada, miaka mitano ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu na hakulisubiri. Wiki iliyofuata alimwomba mama mkwe wake waketi, akamweleza yote, na yule bibi alilia kuliko siku ya mazishi. Miaka mitano alikuwa anatazamwa.

Mdogo wangu ana watoto wengine wawili sasa. Mdogo kuliko wote ana miezi miwili. Bibi ndiye anayemlaza, na mtu akimgusa mtoto huyo kumgeuza anafukuzwa uani.

Alhamisi iliyopita nilipita tena sokoni Mugina. Safari hii nilisalimia kwanza, nikauliza habari za mtoto, nikaketi kwenye ndoo niliyopewa. Boksi lilikuwa lile lile la sabuni. Kitenge kilikuwa kimekunjuliwa, kimetandikwa mara moja tu chini. Mtoto alikuwa chali, mikono imeinuka pande mbili za kichwa kama mtu aliyekamatwa na askari.

"Bado anashtuka," mama yake aliniambia.

Wakati huo huo lori likapiga honi kizuizini. Mtoto akarusha mikono, akafumbua macho, akatutazama sisi wawili, akayafumba tena. Mama yake alisubiri kidogo, halafu akarudi kwenye faranga zake, akaanza kuhesabu upya kwa sababu alikuwa amesahau alipofikia.